Mkorosho wa Neusa

Nang'ongolo,
9 Juni 2024

Silvio mwanangu, katekista wangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na usinikatize, maana habari zimenijaa mpaka kalamu inakimbia mbele ya mkono.

Barua yako imefika Ijumaa. Asadi ameileta na pikipiki kutoka Mtwara, ameifunga pamoja na ng'onda wake wa kuuza, kwa hiyo inanuka samaki, lakini herufi zote zimo. Jumamosi nimeisoma jumuiyani. Nimesimama, nimesoma mwenyewe kwa sauti, na hili darasa la nne langu. Kaya zote kumi na mbili zilikuwepo. Nilipofika pale unaposema mwalimu wenu wa chuoni amekuchagua wewe kuja kuongoza ibada ya Neno hapa kigangoni kwetu, Jumapili ya tarehe 18 Agosti, nilirudia mara mbili. Mara ya tatu Bibi Maria akaniambia tumesikia, mwenyekiti, endelea. Ana wivu kidogo. Wajukuu zake wote wako Mtwara wanaendesha bodaboda, hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kitu.

Mjomba wako ananisumbua ninunue simu nzuri niache mambo ya barua. Nimemwambia simu hapa kwetu inashika mtandao wa Msumbiji, inamaliza salio kabla hujasema hujambo. Tena simu nitaionyesha nini jumuiyani? Barua naipitisha mkono kwa mkono, watu wanaona mwandiko wa mwanangu ulivyonyooka.

Sasa sikiliza. Ukija nataka uhubiri hukumu. Usije na maneno laini ya ndugu wapendwa tupendane, hayo tunayo ya kutosha. Nataka ile habari ya mfalme Ahabu aliyemnyang'anya Nabothi shamba la mizabibu, na Eliya akaenda kumwambia mbwa watailamba damu yake. Watu hapa wamesahau kuogopa.

Nabothi ni mimi. Ahabu ni Neusa, ingawa hana hata baiskeli.

Unaujua ule mkorosho mkubwa wa njia ya kisimani. Neusa alipovuka mto kutoka Msumbiji kuja kwetu, mjane na watoto wawili na sufuria moja, marehemu baba yako alimhurumia akamwachia awe anaokota korosho pale. Alimwazima tu. Mwaka jana kipupwe akarudi ng'ambo kumzika mama yake, akakaa miezi minne. Nyasi zikafika kiunoni. Nani alifyeka? Mimi. Nani alifagia? Mimi. Na kwetu anayefagia chini ya mkorosho ndiye anayeokota, hilo hata mtoto analijua. Korosho zikaanguka, nikaokota. Aliporudi Novemba alinikuta nimeinama pale, akasimama ananitazama, hakusema neno. Mimi nikajua amekubali.

Kumbe wapi. Juzi nimemkuta yeye na panga lake anafyeka chini ya mti wangu kabla sijafika. Nikamwambia Neusa, mwanangu anakuja na Biblia, utasikia. Akaendelea kufyeka.

Kwa hiyo andaa moto. Kanzu yako nimeshaifua mara mbili ingawa ni safi.

Mama yako mwenye furaha,
Carlota


Chuoni, Mtwara,
20 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaisoma tena na sikucheka. Hii yangu, mama, naomba uisome peke yako kwanza.

Muhula huu tunafundishwa manabii. Tumeanza na Amosi, mchungaji wa kondoo aliyekuwa pia anatunza mikuyu, mtu wa shamba kama sisi. Anza kumsoma sura ya kwanza, utampenda. Halafu usome na ya pili, tafadhali, usiishie njiani.

Kuhusu mahubiri, sijaamua. Mwalimu wetu anasema kabla ya kutamka hukumu ya Mungu mbele ya watu, ijaribu kwanza kwenye kesi ndogo. Kwa hiyo darasani tunapeana kesi. Kuna moja nimeshindwa kuikata na ninaomba msaada wako, kwa sababu wewe huogopi kusema.

Kuna mwanamke wa Mikindani, ana duka la ushonaji, cherehani kumi na moja. Jirani yake ana cherehani moja tu. Alipewa na fundi mmoja mzee aliyemhurumia, na ndiyo inayomlisha na watoto wake. Siku moja yule mwenye cherehani moja akapata msiba, akasafiri. Cherehani ikabaki barazani, ikashika kutu. Mwenye duka akaichukua, akaifuta, akaitia mafuta, akaanza kushonea. Mwenyewe aliporudi, akaambiwa: wewe uliiacha ife, mimi nimeitia mafuta, sasa ni yangu. Majirani waliona, wakanyamaza, kwa sababu mwenye duka ni mtu wa kuheshimiwa na mwanawe anasomea mambo ya dini.

Mama, ungekuwa wewe ndiye unayeketi kuhukumu, ungesemaje?

Nakula vizuri. Zile korosho za kukaanga ulizonitumia Januari nilizigawa bwenini, watu wakalisifu jina lako.

Mwanao,
Silvio


Nang'ongolo,
1 Julai 2024

Silvio wangu,

Ungekuwepo. Naapa ungekuwepo ungenipandisha mimi mimbarini wewe ukakaa na watoto wa kwaya.

Uliandika niisome peke yangu kwanza. Nimeisoma peke yangu kwanza, nyuma ya jiko, kama ulivyoagiza. Kisha Jumamosi nimeisoma mbele ya wote. Ningewezaje kuificha? Chuo kizima cha makatekista kimeshindwa kesi, kinamwuliza Carlota wa Nang'ongolo. Nikawaambia kaeni vizuri, leo hakuna kusinzia.

Nikasoma polepole. Nilipofika pale kwa mwenye duka kusema nimeitia mafuta ni yangu, damu ilinichemka. Sikungoja mtu. Nilitoa hukumu palepale nimesimama. Nikasema mwanamke huyo hana haya. Kutia mafuta ni wema, na wema haugeuki kuwa hati. Aliyefiwa hakuiacha cherehani, alikwenda kumlilia marehemu wake, na mtu anayengoja mwenzake aende msibani ndipo anyooshe mkono, huyo Mungu anamwona mchana kweupe. Nikasema airudishe mbele ya watu wale wale walionyamaza, tena si moja. Musa aliandika aliyeiba kondoo mmoja alipe wanne. Basi na yeye atoe nne, na azichague yule aliyeonewa, asije akapewa mbovu. Na wale majirani nao watubu kwa kunyamaza.

Silvio, wote waliinama wakatazama mikeka. Hata watoto. Nikajua neno limeingia.

Halafu Bibi Maria, unajua uzee umeanza kumchukua, akaniuliza taratibu, "Mama Silvio, hiyo cherehani ina matawi mangapi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Nami nikacheka, maskini, nikamwambia bibi, cherehani ina gurudumu na sindano, matawi yatoke wapi. Wakazidi. Neusa peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia usoni kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuvuka maji. Labda hajui kuna cherehani za kukanyaga, kwao ni porini.

Amosi nimemsoma, kumbe mtu mtamu hivi. Moto Dameski, moto Gaza, moto Tiro, kila mji wa jirani anauwasha. Nimefurahi sana, hayo ndiyo mahubiri ninayoyataka. Sura ya pili nimeiacha kwanza, macho yalichoka.

Waambie wenzako hukumu yangu. Na umwambie mwalimu ni darasa la nne tu.

Mama yako,
Carlota, hakimu


Chuoni, Mtwara,
9 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Hii barua nimeiandika mara nne.

Hukumu yako niliisoma nimekaa kitandani, nikairudia tangu mwanzo. Hakuna mtu darasani kwetu aliyesema vizuri hivyo. Ningependa kuishia hapa nikusifu tu, nawe ufurahi.

Hakuna mwanamke wa Mikindani. Hakuna cherehani, mama. Ni mkorosho wa njia ya kisimani. Mwenye duka ni wewe.

Usiitupe barua, kwa sababu sasa ni zamu yangu. Mwaka baba alipougua, alinichukua siku moja tukaenda mpaka kwenye mti ule. Aliweka mkono kwenye shina akaniambia, "Huu nimempa Neusa. Sikumwazima, nimempa, yeye na watoto wake. Siku ukisikia mtu anasema vingine, wewe ndiye shahidi." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikasema ndiyo, baba.

Ulipoanza kusema ni wa kuazima, sikusema kitu. Desemba nilikuja likizo, nikakuona unaokota pale, nikapita na ndoo yangu ya maji. Korosho ulizonitumia nilizijua zimetoka wapi, ni kubwa kuliko zetu zote. Nilizila. Na bado, badala ya kukwambia wazi, nikakutungia kisa kama mtu anayerusha jiwe akajificha. Sikujua utakisoma mbele ya watu, lakini ningepaswa kujua, mimi ni mwanao.

Ezekieli anasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake wala baba uovu wa mwanawe, kila roho itajibu yenyewe. Nilidhani maneno hayo yatanipa nafasi ya kupumua. Yamenibana. Maana yake ni kwamba la kwangu hutanibebea wewe.

Sura ya pili, mama, Amosi akishamaliza miji ya jirani, anageukia nyumbani.

Mwanao,
Silvio


Nang'ongolo,
14 Julai 2024

Silvio,

Asadi ameleta barua yako. Nimeisoma.

Kwa hiyo wote walijua. Wamekaa kwenye mikeka yangu, wamekunywa chai yangu, nimesimama mbele yao najihukumu, nao wananiacha niendelee. Na aliyenipa kitanzi nijivishe ni mtoto niliyemzaa.

Hiyo tarehe 18 kahubiri mahali pengine.

Carlota


Nang'ongolo,
29 Julai 2024

Kwa Silvio,

Salamu. Mimi ni Neusa. Nimeandika mwenyewe, Kiswahili changu kina makosa utanisamehe. Barua yako uliyonitumia kwa mkono wa Asadi, ya kusema uko tayari kuwa shahidi wangu, nimeipata.

Mama yako hatoki. Jumamosi mbili hakuja jumuiyani. Bibi Maria ameongoza, hakuna aliyeimba vizuri, kwa sababu hata sisi tunaosema vibaya juu yake tumezoea sauti yake. Nilimpelekea uji, akaupokea mlangoni bila kunitazama, na bakuli akalirudisha limeoshwa.

Nataka ujue kitu. Mimi sikulilia korosho. Nilitoka kumzika mama yangu, kule kwetu kijiji chenyewe hakipo tena, nyumba zimeungua. Nikawa narudi mtoni najiambia, ninao mti mmoja, mahali pamoja duniani ambapo mtu hawezi kuniambia ondoka. Nikafika, nikamkuta mama yako ameinama.

Na wewe Desemba ulipita na ndoo. Nilikuwa nimekaa pale pembeni, ulinisalimia. Nilisubiri useme. Wewe ni mtu wa kitabu, nikafikiri labda anatafuta maneno. Ukaenda.

Kwa hiyo ushahidi wako nashukuru, lakini usiniandikie kutoka mbali kama ofisi. Ukiwa na neno, miguu unayo.

Neusa


Nang'ongolo,
11 Agosti 2024

Silvio mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Rudi kwenye tarehe yako, ibada ni yako, ile barua ya hasira ichome. Kaa chini nikuhadithie, maana tangu kigango hiki kianzishwe hakijaona toba kama ya mama yako.

Ile sura ya pili niliisoma siku ya tatu. Niliianza nimesimama. Nilipofika pale wanapouza maskini kwa jozi ya viatu nikakaa chini. Nikatafuta na habari ya Daudi na Nathani, ile ya mwana-kondoo mmoja wa maskini, nikaona ulikoiba cherehani yako. Nikakukasirikia tena, kisha nikaanza kujisifu kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Nikasema, Daudi na ufalme wake wote aliletewa nabii kutoka nje. Mimi wangu nimemzaa mwenyewe, nikamnyonyesha.

Wiki tatu zaidi nilikaa ndani nikitafuta njia ya kutubu kimyakimya. Haipo. Nilihukumu kwa sauti, nilisema airudishe mbele ya watu walionyamaza, kwa hiyo mbele ya watu hao hao.

Jana nikaenda jumuiyani. Nikasimama mahali pangu. Nikasema mwanamke wa Mikindani ni mimi, mlijua kabla yangu, na mkorosho wa njia ya kisimani ni wa Neusa, marehemu mume wangu Kasiani alimpa na mwanangu alisikia. Nilifagia nikijua. Sikusahau, sikukosea mpaka, nilijua. Hilo la mwisho ndilo lilinitoa jasho.

Nilikuwa nimekwisha kukaa Bibi Maria akanikumbusha, wala hakuna cha uzee, akili yake ni wembe. Akasema, "Mwenyekiti, kuna zile nne."

Silvio, nilidhani Neusa atasema hapana, mama, mti wangu unatosha. Watu wote walimgeukia wakingoja aseme hivyo. Mimi mwenyewe nilishaandaa machozi ya kumshukuru. Hakusema. Alijifunga kanga akasema twende tukaangalie.

Basi tukaenda, jumuiya nzima nyuma yetu kama siku ya harusi. Akapita shamba zima bila haraka, anagonga mashina, anatazama juu. Nami najiambia angalau aone, hakuna mkorosho mbovu kwa Carlota, achague kwa kufumba macho atapata mzuri. Alichagua mitatu upande wa bondeni, mizuri kabisa. Nikamsifu kwa jicho lake la kuchagua.

Wa nne akachagua ule wa nyuma ya jiko.

Hujui habari yake, sikuwahi kukwambia. Ule niliupanda nikiwa na mimba yako. Kabla yako nilipoteza wawili, na bibi yako akaniambia panda kitu, ukikishika hicho na mtoto atashika. Nikaubeba mche kichwani kutoka kwao baba yako. Ulishika, nawe ukashika. Kila mwaka huwa naufyekea wa kwanza.

Neusa hakujua. Aliweka mkono kwenye shina akanitazama, akaniuliza, "Na huu?"

Wewe unanijua nilivyo na maneno. Yalikuja yote mpaka kwenye meno. Ningemwambia angeuacha, namjua, angeuacha palepale na kuomba radhi. Na hapo mimi ningekuwa nimelipa mitatu huku nimesema minne, na yeye angekwenda nyumbani ameona aibu kwa kuchagua.

Nikamwambia huo ni wako.

Akauliza tena, una hakika, mama Silvio? Nikamwambia mwaka huu umetoa maua mengi, ufyekee mapema kabla ya Oktoba. Watu wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi, vyangu vilisikika zaidi.

Tulipokuwa tunarudi alitembea karibu nami. Sikumwomba anisamehe, niliogopa kumlazimisha. Mbele ya mlango wake akasema mti ameupokea na mingine ameipokea, lakini lile la kunikuta nimeinama bado liko hapa, akagusa kifua, litatoka kwa wakati wake. Nikamwambia nitangoja. Asubuhi hii amekuja kuazima jembe.

Usije ukamwambia habari ya mti wa jikoni. Hata ukihubiri mpaka ulimi ukauke, hiyo iache.

Watu ni wengi watakaokuja tarehe 18, mpaka wa Madimba wameuliza njia. Uhubiri unachopewa, mimi sichagui tena. Nimewaambia utakuwa mzuri kuliko padre, hilo siwezi kulizuia.

Jambo moja tu nakuagiza. Ukishuka kwenye pikipiki ya Asadi Jumamosi, utaniona nimesimama mlangoni, na kuku atakuwa amekwisha kuiva. Usije kwangu. Mizigo mwachie Asadi, upite moja kwa moja mpaka kwa Neusa, umwambie la Desemba kwa mdomo wako. Kaa muda wowote atakaokuweka. Chakula kikipoa nitakipasha.

Ni mimi mama yako, ninayekuona tangu ukiwa mbali barabarani,
Carlota